SOMO LA BIOLOJIA: TUNDU LINALOFAA KWA KASUKU



Wengi wenu munakumbuka ile kasuku yetu ya mwaka jana. Mzazi mmoja alituachia wakati alipohama, nayo ilikuwa imekatwa mabawa. Tulichanga pesa, tukanunua waya mpya, nyeupe, yenye kung'aa, tukajenga tundu sisi wenyewe kwa siku moja. Kila mtu alisema ni zuri. Kisha miezi mitano ndege akaanza kutapika, akakunywa maji mengi kupita desturi, miguu ikalegea, akakufa. Wamoja kati yetu walisema watu wa internati wamemtilia sumu, na maneno yakawa makali. Mwalimu wa biolojia akaenda kutazama tundu. Alituonyesha mahali waya ilikuwa imetafunwa. Basi sumu ilitoka katika mikono yetu wenyewe. Ndiyo sababu tunaandika somo hili.

1. Chuma
Waya nyeupe imepakwa zinki, sawa na manjanja ya nyumba, ili isishikwe na kutu. Lakini kasuku anapanda kwa mdomo na anatafuna kila kitu. Zinki inaingia tumboni kidogo kidogo mpaka inamuua. Rangi yenye risasi ni vilevile. Chuma cha inoksi kinapita vyote, ila bei yake iko juu. Mwenye pesa kidogo achukue ferabeto nyembamba bila rangi. Kutu itasuguliwa kwa brosi na maji. Mianzi hapana: ule mdomo utaimaliza upesi.

2. Kipimo
Tusipime mwili, tupime mabawa. Kasuku wa kijivu ana urefu wa sentimita 33 tu, lakini akifungua mabawa yanafika karibu sentimita 50. Basi upana usipungue sentimita 80, kina 60, na kimo mita 1. Nafasi kati ya chuma na chuma iwe sentimita 2, ili kichwa kisipite. Vyuma vingine vilale, apate kupanda. Tundu la mviringo ni zuri kwa macho ya watu tu, maana vyuma vinakutana juu na kidole kinaweza kunasa. Mlango ufungwe kwa kufuli, sababu kasuku anajua kufungua kulabu.

3. Vijiti vya kusimamia
Tuweke matawi ya mpera au ya muembe, pamoja na maganda yake, manene na membamba, ili miguu isichoke. Tawi la avoka hapana kabisa! Majani yake na tunda lake ni sumu kwa ndege. Kijiti kisikae juu ya sahani ya maji, maana mavi yataanguka ndani.

4. Mahali
Tundu lisikae jikoni karibu na mbabula. Ndege ana mapafu na tena mifuko ya hewa mwilini, kwa hiyo moshi unamdhuru kuliko sisi. Upande mmoja uwe ukuta, asiogope. Usiku apate giza na kimya. Kila siku atoke na kukaa na watu: msituni anaishi kwa makundi, na akiachwa peke yake anaanza kujinyonyoa manyoya.

5. Neno la mwisho
Hatukuandika ili mukimbie sokoni kununua. Makasuku wengi wanaouzwa wamenaswa kwa ulimbo katika misitu yetu, na wengi wanakufa njiani. Mwaka 2016, katika mkutano wa Johannesburg, mataifa yalikubaliana kukataza biashara ya kasuku wa msituni kuvuka mipaka. Anayenunua anamlipa mtegaji arudi tena. Lakini yule ambaye tayari yuko nyumbani, na hawezi tena kuruka, anadai haki yake. Kasuku akitunzwa vizuri anaweza kupita miaka 40. Yetu ilikaa nasi miezi mitano.

MAULIZO
a) Sababu gani tunapima mabawa na si mwili?
b) Nyumbani kwenu kuna vitu gani vyenye zinki?
c) Jirani ana kasuku ndani ya tundu la waya nyeupe. Mutamwambia nini, bila kumwaibisha?

Sisi wa Biochimie