Maswali na Majibu: Sola ya Pamoja kwa Kaya za Mjini zenye Kipato cha Chini

Swali la 1. Kwa nini wapangaji wengi wa mijini hawana paneli za sola?

Paa si lao. Mpangaji wa ghorofa ya tatu hana mamlaka ya kufunga chochote juu ya nyumba ya mwenzake. Gharama za mwanzo na ugumu wa kupata mkopo hufuata. Anza na hoja ya paa. Anayeandika "umaskini" akaishia hapo amejibu nusu.

Swali la 2. Sola ya pamoja hufanyaje kazi?

Paneli hufungwa penye nafasi: paa la shule, ghala au kiwanja kisichotumika. Umeme wote huingia kwenye gridi. Kampuni ya umeme hupima uniti zilizozalishwa, kisha hupunguza bili ya kila kaya iliyoandikishwa kulingana na fungu lake. Tuseme kaya imetumia uniti 400 kwa mwezi na fungu lake limezalisha 200: punguzo likihesabiwa uniti kwa uniti, italipia 200 tu.

Hapa ndipo wengi hunaswa. Kaya haivutiwi waya kutoka kwenye paneli hizo. Inachopata ni punguzo la bili. Gridi ikikatika, kaya nayo hukaa gizani hata kama jua linawaka.

Swali la 3. Toa mfano wa mji mmoja.

Washington, D.C., nchini Marekani. Sheria ya mwaka 2016 ilizaa mpango wa Solar for All, wenye lengo la kupunguza kwa nusu bili za umeme za kaya 100,000 zenye kipato cha chini ifikapo 2032. Wauzaji wa umeme wasiofikisha kiwango cha sola kinachotakiwa kisheria hulipa ada, na ada hiyo ndiyo inayogharimia mpango.

Swali la 4. "Sola ya pamoja huwafanya maskini wamiliki wa nishati." Jadili.

Si lazima. Kaya za Washington zilizo kwenye sola ya pamoja hupunguziwa bili, lakini paneli si mali yao. Brixton, London, ilikuwa tofauti: mwaka 2012 ushirika ulifunga paneli za kilowati 37 hivi juu ya Elmore House, jengo la nyumba za halmashauri, kwa fedha za hisa. Mwanahisa ana kura. Ila hisa hununuliwa kwa akiba, na asiye na akiba hubaki nje. Isitoshe, mpango wa malipo ulioanzishwa na serikali na kubeba miradi ya aina hiyo Uingereza ulifungwa kwa waombaji wapya mwaka 2019. Kwa kaya iliyoelemewa na bili, punguzo la Washington lina msaada wa haraka zaidi. Jibu lako lieleze nani analipa na nani anapiga kura.