Popi anadondosha udenda kabla injini haijawashwa

Tuna mtoto wa mbwa wa wiki 11, wanangu wamempa jina la Popi. Siku tuliyomchukua Kibaha alitapika njia nzima. Tulipompeleka kwa daktari wa mifugo kuchanjwa, akatapika tena na kujisaidia kwenye kiti. Sasa nikifungua tu mlango wa gari anarudi nyuma, anatetemeka, udenda unamchuruzika. Katikati ya Desemba tunamrudisha mama mkwe Lushoto, alikuja huku kwa matibabu. Yeye ni mtu wa swala na hataki mate ya mbwa yamguse. Mume wangu anasema tumtie Popi kwenye gunia tumweke kwenye buti, au tumwache kwa jirani. Watoto wanalia. Nifanyeje?
Mama wa Watatu, Tabata

Dada yangu wa Tabata,

Nianze na gunia, maana hilo halisubiri. Tafadhali msimtie humo, wala msimfungie kwenye buti. Mbwa hatoi jasho mwili mzima kama sisi. Anajipoza kwa kuhema, na kuhema kunamsaidia pale tu penye hewa inayopita. Ndani ya gunia anavuta tena pumzi yake mwenyewe, yenye joto na unyevu, na safari yenu ni ya Desemba, kupitia Chalinze, Segera na Korogwe, ambako hata mtu aliyekaa dirishani analowa jasho. Najua wengi wamesafirisha mbwa hivyo na wakafika salama. Wapo pia ambao hawakufika. Na hata akifika salama, atakuwa amejifunza kwamba gari ni mahali pa kufungiwa gizani, wakati tayari mna kazi ya kumfundisha kinyume chake.

Tena naomba mzee wa nyumba asimwone Popi kuwa mkaidi. Mbwa mdogo huchafuka tumbo garini upesi kuliko mbwa mzima, kwa kuwa sehemu ya ndani ya sikio inayoshika mizani ya mwili bado haijakomaa. Wengi huachana na hali hiyo wanapokaribia mwaka mmoja. Kama shida ingekuwa hiyo peke yake, ningekuambia mvumilie tu. Lakini umeandika jambo lililonishtua zaidi ya matapishi: udenda unamtoka gari likiwa limesimama. Gari lililosimama halichafui tumbo la yeyote. Ule udenda ni wa hofu na kumbukumbu.

Ivan Pavlov, mwanasayansi wa Urusi aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1904 kwa utafiti wake juu ya usagaji wa chakula, aliona mbwa wake wakidondosha mate kabla chakula hakijafika, kwa kumwona tu mtu aliyezoea kuwaletea. Mwili wao ulikuwa umeshajua kinachofuata. Popi naye anajua kinachofuata. Mara ya kwanza gari lilimtenga na mama yake, mara ya pili likamfikisha kwenye sindano, na safari zote mbili alitapika. Nani angelipenda?

Habari njema ni kwamba kilichofunzwa namna hiyo hufutika kwa njia hiyo hiyo, mkianza sasa. Mna kama wiki 5. Wiki ya kwanza nzima asisafiri kokote. Gari liwe limeegeshwa kivulini, milango yote wazi, injini imezimwa, na sahani yake ya chakula iwekwe chini, umbali ambao anakula bila kutetemeka. Kama ni hatua kumi kutoka mlangoni, basi ni hatua kumi. Kila mlo msogezeni kidogo. Siku akigoma kula au akianza kulamba midomo na kupiga miayo mfululizo, mmekwenda haraka mno. Rudisheni sahani nyuma pasipo kumgombeza. Kupiga miayo huku kwa mbwa si usingizi. Mara nyingi ni dalili ya wasiwasi au kichefuchefu, na hutangulia matapishi, kwa hiyo wafundisheni watoto kuitambua.

Watoto ndio watakaoifanya kazi hii vizuri kuliko sisi watu wazima, kwa kuwa wana muda. Wakae kiti cha nyuma jioni na daftari zao, milango wazi, na vipande vidogo vya kuku wa kuchemsha visivyo na mifupa wala chumvi. Popi akipanda mwenyewe, apewe. Akishuka, aachwe ashuke. Kitu kimoja tu kikatazwe kabisa: kumbeba kwa nguvu na kumfungia mlango ili azoee. Kwa mtoto wa mbwa aliyekwisha kuogopa, kumlazimisha kunazidisha hofu, na mtapoteza yote mliyoyapata kwa wiki nzima.

Akianza kula ndani ya gari kwa utulivu, fungeni mlango mmoja, kesho yake miwili. Kisha washeni injini huku gari halitembei, apate kipande cha kuku, mzime. Baadaye mrudi nyuma kidogo na kusogea mbele hapo hapo uani. Baada ya hapo zungukeni mtaa na kurudi nyumbani. Safari hizi za mwanzo ziishie kwenye jambo analolipenda, ziishe pia kabla hajachafukwa. Ila asishushwe popote barabarani au stendi mpaka daktari aseme chanjo zake zimekamilika, kwa sababu virusi vya parvo hukaa kwenye udongo kwa miezi na huua watoto wa mbwa. Uani kwako au kwa rafiki mwenye mbwa waliochanjwa panatosha. Na ule mpira wa manukato unaoning'inia kwenye kioo, kama mnao, utoeni. Pua ya mbwa inaumizwa na harufu ambayo sisi hatuisikii tena.

Sasa mama mkwe. Ana haki kamili, na mipango ya safari ianze na yeye. Kwa madhehebu ya Shafi, ambayo Waislamu wengi wa pwani yetu wanayafuata, mate ya mbwa ni najisi ya kuoshwa mara 7, moja kwa udongo, na mtu aliye njiani hana nafasi ya kufanya hivyo kila kipindi cha swala. Yeye akae mbele. Popi akae nyuma ndani ya kizimba cha kubebea chenye matundu pande zote, kilichofungwa kwa mkanda wa kiti kisiyumbe, na chini yake shuka kuukuu la kufuliwa. Kizimba kinazuia udenda usirukie watu, na dereva akikanyaga breki ghafla Popi harushwi. Kwa hiyo kinamfaa kila mmoja wenu. Anzeni kukitumia nyumbani kama kitanda chake mapema, kiwe na harufu yake kabla hakijaingia garini.

Wiki mbili kabla ya safari mpelekeni kwa daktari wa mifugo, mmweleze kuhusu kutapika. Ipo dawa ya kuzuia kichefuchefu iliyotengenezwa kwa ajili ya mbwa, inaitwa maropitanti, na hutolewa kwa kufuata uzito na umri. Popi atakuwa amefikisha kama wiki 16 mtakapoondoka, na huo ndio umri ambao kwa kawaida dawa hiyo huanza kutumika kwa ajili ya safari. Daktari ndiye aamue. Vile vidonge vya watu vya kuzuia kutapika safarini msimpe kwa kukisia, wala dawa ya usingizi ili anyamaze. Ombeni na cheti cha chanjo ya kichaa cha mbwa, msafiri nacho.

Siku yenyewe ondokeni alfajiri. Ale kidogo saa 3 au 4 kabla ya kuondoka, maji apewe kama kawaida. Msimshindishe njaa tangu jana yake, maana mbwa mdogo akikaa na njaa muda mrefu huishiwa nguvu. Dereva apunguze mapema kabla ya matuta. Kutoka Mombo kupanda Lushoto ni kona juu ya kona kwa zaidi ya kilomita 30, na hapo ndipo hata watoto wenu wanaweza kutapika, basi simameni Mombo mpumzike kabla ya kuanza mlima.

Mkisimama kula, msimwache garini hata kwa dakika chache na vioo vikiwa vimeshushwa kidogo. Watafiti wa Marekani walipima magari yaliyoegeshwa juani na kuchapisha matokeo mwaka 2005: kwa wastani joto la ndani lilipanda kama nyuzi 22 za Selsiasi kwa saa moja, sehemu kubwa ya hizo ndani ya nusu saa ya kwanza, na kuacha nafasi ndogo kwenye vioo hakukusaidia kitu. Mmoja wenu akae naye kivulini, mpokezane.

Na kama wiki moja kabla ya safari bado anatoa udenda gari likiwa limesimama, basi mume wako atakuwa sahihi kuhusu jirani. Mwacheni Tabata, na chakula chake na lile shuka lake, mwende Lushoto mkarudi. Waambieni watoto mapema, siyo asubuhi ya kuondoka, kwamba Januari mazoezi yataendelea pale pale yalipoishia.