Plagi ya Gitaa la Besi kama Swichi ya Umeme

Gitaa la besi la umeme limekuwa nguzo ya muziki wa dansi nchini Tanzania tangu siku za NUTA Jazz, bendi iliyoundwa mwaka 1964, hadi Mlimani Park Orchestra, iliyoanza mwaka 1978. Upande wa magharibi wa nchi ulivuma kwa Tabora Jazz na Nyanyembe Jazz. Siku hizi gitaa hilo hupigwa pia na kwaya za makanisa, mjini Shinyanga na katika miji ya machimbo kama Kahama na Geita. Mara nyingi chombo si mali ya mpigaji, bali ni mali ya bendi, ya kwaya au ya taasisi. Kwa hiyo kinapokataa kulia, hasara huwa ni ya watu wengi.

Kuna namna moja ya kukataa ambayo huwababaisha hata mafundi. Gitaa la besi huunganishwa na amplifaya, lakini sauti haitoki. Waya ule ule huchomekwa katika gitaa jingine, na sauti hutoka vizuri. Uamuzi unaofuata huonekana kuwa wa haki: waya ni mzima, gitaa limekufa. Kumbe gitaa nalo huenda ni zima kabisa. Sababu ya kisa hiki imo katika somo la sakiti za umeme linalofundishwa katika shule za sekondari.

Magitaa ya aina mbili

Chini ya nyuzi za gitaa la besi kipo kinasa cha sumaku, yaani sumaku iliyozungushiwa koili ya waya mwembamba. Mwaka 1831 Michael Faraday alionyesha kuwa badiliko la ugasumaku ndani ya koili huzalisha umeme. Uzi wa chuma unapotetema juu ya kinasa, huleta badiliko la namna hiyo. Uzi mnene kabisa wa besi hutetema mara 41 hivi kwa sekunde, na umeme unaozalishwa hubadilika kwa kasi hiyo hiyo.

Katika gitaa la aina ya kwanza, umeme huo dhaifu hupelekwa moja kwa moja kwenye amplifaya. Hivyo ndivyo lilivyo gitaa la Precision Bass, lililotolewa na Leo Fender nchini Marekani mwaka 1951. Halihitaji betri. Katika aina ya pili, ndani ya gitaa huwekwa sakiti ndogo ya kukuza umeme huo, nayo huendeshwa kwa betri, aghalabu ya volti 9. Music Man StingRay, iliyotoka mwaka 1976, ni miongoni mwa besi za kwanza za aina hii kutengenezwa kwa wingi.

Sehemu za plagi

Plagi ya gitaa, yenye kipenyo cha milimita 6.35, ilirithiwa kutoka mitambo ya simu ya karne ya 19, ambamo opereta aliunganisha wazungumzaji kwa kuchomeka nyaya katika matundu ya ubao. Plagi ya mono ina sehemu mbili za chuma: ncha, na shina refu linaloifuata. Sehemu hizo hutengwa na mkanda mmoja wa kihami, ambao mara nyingi huwa mweusi. Plagi ya stirio ina sehemu tatu: ncha, pete na shina, nayo ina mikanda miwili ya kihami. Soketi ya stirio nayo ina vigusio vitatu, kila kimoja kwa sehemu yake.

Katika redio na visikizio vya masikioni, pete hutumika kupitishia sauti ya upande wa pili. Lakini katika besi nyingi zenye betri, soketi ya stirio huwekwa kwa kazi nyingine kabisa. Upande hasi wa betri huunganishwa na kigusio cha pete, na waya wa kurudi wa sakiti huunganishwa na kigusio cha shina. Plagi isipokuwamo, vigusio hivyo havigusani. Sakiti iko wazi na betri hupumzika. Plagi ya mono inapochomekwa, shina lake refu hugusa vigusio vyote viwili kwa pamoja. Sakiti hufungika na umeme hupita. Plagi yenyewe imekuwa swichi, sawa na kitufe cha tochi ya mchimbaji.

Sasa kisa cha mwanzo kinaeleweka. Waya uliotumika ulikuwa wa stirio. Pete yake imetengwa na shina kwa kihami, hivyo betri haikuunganishwa. Gitaa lisilo na betri lilitumia ncha na shina tu, ndiyo maana lililia bila taabu.

Zipo pia besi chache ambazo soketi yake ya stirio hutoa sauti mbili kweli. Rickenbacker 4001, iliyotoka mwaka 1961, ilipewa soketi ya namna hiyo ili kila kinasa kipelekwe kwenye amplifaya yake. Hapo waya wa stirio ndio unaofaa. Basi, jina la soketi halitoshi kueleza kazi yake. Ni lazima kufuata nyaya zilizo nyuma yake.

Hesabu ya betri

Betri ya volti 9 ya aina ya alkali huweza kuwa na uwezo wa miliampea-saa 500 hivi. Tuseme sakiti ya gitaa hutumia miliampea 0.5:

500 ÷ 0.5 = saa 1,000

Kwaya inayofanya mazoezi saa 5 kwa wiki, na kuchomoa plagi kila mara, ingeitumia betri hiyo, kwa hesabu tupu, kwa wiki 200, ingawa betri huchakaa yenyewe kabla ya hapo. Plagi ikiachwa ndani usiku na mchana, betri huisha kwa siku 41 hivi, hata kama hakuna aliyegusa uzi.

Jaribio

Vifaa: betri kavu 2 za volti 1.5, balbu ya tochi ya volti 2.5, soketi ya stirio, plagi ya mono na plagi ya stirio.

1. Betri huunganishwa kwa mfululizo. Upande hasi hufungwa kwenye kigusio cha pete.
2. Upande chanya hupitishwa kwenye balbu, kisha kwenye kigusio cha shina.
3. Plagi ya mono huchomekwa: balbu huwaka.
4. Plagi ya stirio huchomekwa: balbu haiwaki.
5. Nyuma ya plagi ya stirio, pete na shina huunganishwa kwa kipande cha waya: balbu huwaka.

Jaribio hili halina hatari. Amplifaya isifunguliwe darasani, kwani hutumia umeme wa volti 230, na baadhi ya sehemu zake huhifadhi chaji hata baada ya kuzimwa.

Maswali

1. Kwa nini kuujaribu waya katika gitaa lisilo na betri hakutoshi kuthibitisha kuwa unafaa kwa gitaa lenye betri?
2. Sakiti hutumia miliampea 0.8 na betri ina miliampea-saa 480. Plagi ikiachwa ndani mfululizo, betri itaisha baada ya siku ngapi?
3. Chora sakiti ya gitaa lenye betri, ukionyesha mahali plagi inapofanya kazi ya swichi.