Kutangulia si Kufika

Hasheem Thabeet alizaliwa Dar es Salaam mwezi wa Februari, mwaka 1987. Alipokwisha kukua, kimo chake kilikuwa mita 2 na sentimeta 21. Mtu wa kimo hicho, akija kututembelea hapa Nassa, hana budi kuinama sana mlangoni.

Alianza mpira wa kikapu akiwa kijana wa miaka 15 hivi. Mchezo huo ulianzishwa mwaka 1891 na mwalimu mmoja, James Naismith, katika mji wa Springfield, Marekani. Alitundika vikapu viwili vya matunda, akawaambia wanafunzi watie mpira ndani. Siku hizi hutumika pete ya chuma, nayo huwa mita 3 na sentimeta 5 kutoka chini.

Thabeet alikwenda Marekani kusoma, na mwaka 2006 akaingia Chuo Kikuu cha Connecticut. Kazi yake uwanjani ilikuwa kuilinda pete: mpinzani akirusha mpira, yeye huupangua. Mwaka 2008, na tena 2009, alitajwa kuwa mlinzi bora katika ligi ya vyuo vyao.

Mwezi wa Juni 2009 timu za NBA, ligi kuu ya wachezaji wa mshahara, zilichagua vijana 60. Thabeet alichaguliwa wa 2, akachukuliwa na timu ya Memphis. Kabla yake hakuna Mtanzania aliyepata kucheza humo.

Lakini humo warefu walikuwa wengi, tena wenye nguvu na ujuzi. Februari 2010 timu yake ilimpeleka kwa muda katika ligi ndogo. Baadaye alihamia Houston, kisha Portland, kisha Oklahoma City. Na baada ya mwaka 2014 hakucheza tena NBA. Naye Stephen Curry, aliyechaguliwa wa 7 siku ile ile, wala si mrefu kati ya wenzake, timu yake ilitwaa ubingwa mara 4, kati ya 2015 na 2022.

Je, Thabeet aliketi akalia? La. Mwaka 2017 alicheza Japani, na mwaka 2020 Taiwan.

Basi, vijana, kuchaguliwa ni kufunguliwa mlango tu. Kazi iko ndani. Na aliyeshushwa ngazi hajatupwa, maadamu hajaacha kazi.

Maswali
1. Pete iko juu kuliko kimo cha Thabeet kwa sentimeta ngapi?
2. Kwa nini urefu peke yake haukumtosha?
3. Eleza maana ya methali iliyo juu ya somo hili.