Mwandishi wa Vita na Fadhila ya Kubaki



Mwaka jana, nikiwa kwenye mwaka wangu wa uchungaji parokiani, binti mmoja wa kikundi chetu cha vijana alinifuata baada ya Misa ya pili. Alikuwa amemaliza kidato cha sita na anataka kusomea uandishi wa habari. "Frateri," akaniambia, "mimi nataka kuwa yule mwandishi anayetumwa vitani. Mama anasema huko ni kumjaribu Mungu. Kwani ni dhambi?"

Mimi na shahada yangu ya falsafa nikamjibu palepale. Ndiyo, nikasema, kujipeleka penye kifo kwa ajili ya habari ni kumjaribu Bwana, na hata Yesu alikataa kujirusha kutoka kinara cha hekalu. Akashukuru, akaenda zake. Nikajiona nimejibu vizuri sana.

Jibu lile limekuwa likinisumbua tangu niliposoma maisha ya kazi ya Marie Colvin. Leo naomba tulirudie swali la yule binti polepole, kama nilivyopaswa kufanya siku ile.

Marie alizaliwa New York mwaka 1956 katika familia ya Kikatoliki, akakulia Oyster Bay, akasoma Chuo Kikuu cha Yale. Kuanzia katikati ya miaka ya 1980 hadi kifo chake aliliandikia gazeti la Sunday Times la London. Gazeti hilo hutoka Jumapili tu. Ni jambo dogo, lakini ukilifikiria utaielewa kazi yake. Mwandishi wa gazeti la kila siku anadaiwa kitu kila jioni. Wa Jumapili ana siku kadhaa za kukaa na watu, kunywa chai yao, kurudi kwa mama yuleyule wa jana na kumuuliza tena. Vifaa vyake havikuwa vya ajabu: daftari, kalamu, kompyuta, na simu ya setilaiti ya kupeleka habari pale ambapo waya zote zimekatwa.

Mwaka 1987 aliingia na mpiga picha Tom Stoddart katika kambi ya Wapalestina ya Burj al-Barajneh, Beirut. Wanamgambo walikuwa wameizingira, na chakula kilikuwa kimekwisha. Wanawake ndio waliotoka kutafuta chakula, na wadunguaji waliwangoja njiani. Marie angeweza kuandika kuhusu vyama, majeshi na mikataba. Badala yake aliandika habari za msichana mmoja aliyepigwa risasi kwenye njia ile, akafa. Mmoja tu. Ukisoma idadi ya waliokufa unafungua ukurasa mwingine, lakini ukielezwa mtu mmoja alivyoanguka unashindwa kufungua. Nadhani hapo alikuwa karibu na Injili kuliko alivyojua. Msamaria Mwema naye hakukutana na takwimu barabarani, alikutana na mtu.

Sasa twende Timor ya Mashariki, maana hapo ndipo jibu langu lilipovunjika.

Tarehe 30 Agosti 1999 wananchi wa Timor ya Mashariki, nchi ambayo wengi wa watu wake ni Wakatoliki wenzetu, walipiga kura ya kuamua kama wajitenge na Indonesia. Zaidi ya asilimia 78 walitaka uhuru. Matokeo yalipotangazwa, wanamgambo waliopinga uhuru walianza kuchoma miji na kuua watu. Katika mji wa Suai watu walikimbilia kanisani, na tarehe 6 Septemba wakavamiwa humohumo. Mapadre watatu waliokuwa nao waliuawa pamoja na watu wao. Walikuwa wamebaki na kondoo.

Katika mji mkuu, Dili, watu kama 1,500, wengi wao akina mama na watoto, walijibana ndani ya uzio wa Umoja wa Mataifa. Wengine waliruka waya wenye wembe kuingia. Kisha ikatangazwa kwamba wafanyakazi wa Umoja wa Mataifa wataondolewa. Yaani hebu jiweke mahali pa mama yule aliyempitisha mtoto juu ya waya, halafu anasikia wenye uzio wanaondoka. Waandishi wengi walishaondoka. Marie alikataa, akabaki na waandishi wengine wawili wa kike kutoka Uholanzi, na kwa simu yake ya setilaiti akawa anaieleza dunia kila anachokiona pale. Tuwe wa haki: hakuwa peke yake. Wapo wafanyakazi wa Umoja wa Mataifa waliokataa kuwaacha wale watu, wakajitolea kubaki. Lakini sauti ya uwanja ule ilitoka nje, uamuzi ukabadilika, na wakimbizi wale wakapelekwa salama Darwin, Australia.

Hapa niwaombe mnivumilie kidogo, falsafa haijanitoka. Mtakatifu Thomas wa Akwino, anapofundisha fadhila ya ushujaa katika Summa yake, anauliza: tendo kuu la shujaa ni lipi, kushambulia au kustahimili? Sisi tuliokua na filamu za mapigano tungesema kushambulia. Thomas anasema kustahimili, yaani kubaki imara katika jema hatari ikiwa imekukabili, maana anayeshambulia huwa anajiona mwenye nguvu kuliko hatari, ila anayestahimili anajua yeye ndiye mdogo. Nilijifunza hilo nikiwa mwaka wa pili na kufaulu mtihani wake. Siku binti aliponiuliza, sikulikumbuka.

Tena Thomas huyohuyo anasema mtu anaweza kukosea kwa upande mwingine: kukosa hofu kabisa, au kukimbilia hatari kwa ujasiri usio na kipimo. Kwa hiyo mama wa binti hana kosa kuogopa. Swali la kuuliza ni hili: unabaki kwa ajili ya nani? Shetani alipomwambia Yesu ajirushe, hapakuwa na mtu yeyote chini anayehitaji kuokolewa. Pale Dili walikuwapo 1,500. Hiyo tofauti niliiruka kabisa katika jibu langu, na kwa kweli ndiyo ilikuwa jibu lenyewe.

Marie mwenyewe alilijua swali hili. Novemba 2010 alisimama katika kanisa la Mtakatifu Brigida, Fleet Street, London, kwenye ibada ya kuwakumbuka waandishi waliokufa vitani. Akawaeleza waziwazi kwamba kila mara wanapaswa kujiuliza kama habari inastahili hatari hiyo, na kwamba ipo tofauti kati ya ushujaa na kujionesha shujaa. Aliyasema hayo akiwa na jicho moja. Aprili 2001, Sri Lanka, alikuwa amepita kwa siri hadi Vanni, eneo la waasi wa Tamil Tigers ambalo serikali ilikuwa imewazuia waandishi kufika, akaona watu wasio na dawa wala chakula cha kutosha. Usiku wa kutoka, askari walifyatua risasi. Alipiga kelele kwamba yeye ni mwandishi, guruneti likaja hata hivyo, na jicho la kushoto likapotea. Habari yake ya maneno 3,000 ilifika gazetini kwa wakati. Tangu hapo alivaa kile kitambaa cheusi mnachokiona kwenye picha zake.

Simleti kwenu kama mtakatifu. Ndoa zake zilivunjika, pombe ilimsumbua, na yale aliyoyaona yalimrudia usiku mpaka akahitaji matibabu ya kiwewe cha vita. Kazi hii inamla mtu kutoka ndani, na anayewaambia vijana habari za Marie bila kutaja hilo anawadanganya. Binti yule anastahili kulijua kabla hajajaza fomu ya chuo.

Februari 2012 Marie aliingia Baba Amr, mtaa wa Homs nchini Syria uliokuwa ukipigwa mizinga, kwa kupitia mtaro wa chini ya ardhi. Huko akakuta chumba cha chini kilichojaa wajane na watoto, akaandika habari zao. Akatoka. Halafu akarudi. Hapo nakiri sijui nihukumu vipi. Mpiga picha wake, Paul Conroy, alikuwa na wasiwasi na safari hiyo ya pili. Jioni ya tarehe 21 alizungumza moja kwa moja na vituo vya televisheni vya nje, akaeleza jinsi alivyomwona mtoto mchanga akifa, na kwamba nyumba zinazopigwa ni za raia. Asubuhi ya tarehe 22 nyumba waliyokuwamo ilipigwa. Marie alikufa pamoja na mpiga picha Mfaransa Rémi Ochlik, kijana wa miaka 28. Mwaka 2019 mahakama ya Marekani iliamua kwamba serikali ya Syria iliwalenga kwa makusudi. Misa yake ya mazishi ilisomwa nyumbani kwao Oyster Bay.

Kabla ya kikao chenu cha Jumapili someni Yohane 19:25–27, kisha 20:11–18. Angalieni nani wapo chini ya msalaba na nani hawapo. Angalieni pia Maria Magdalena anatumwa kupeleka habari gani, na kwa nini yeye: alikuwa amebaki pale kaburini wakati wanafunzi wawili wamekwisha rudi nyumbani. Mkipata nafasi, tafuteni na ujumbe wa Papa Fransisko wa Siku ya Upashanaji Habari Duniani ya mwaka 2021, wenye kichwa "Njoo uone", ambamo anawashukuru waandishi wanaoingia penye hatari ili tujue yanayowapata wanyonge. Halafu jiulizeni kuhusu zile video tunazozisambaza kwenye WhatsApp bila kujua ni za wapi na za lini.

Wiki iliyopita nilimtumia binti yule ujumbe mrefu. Nilimwambia nilimjibu haraka, na kwamba swali lake lilikuwa kubwa kuliko jibu langu. Hakunijibu yeye. Mama yake ndiye aliyenipigia, jana jioni, sauti yake si ya furaha sana. "Frateri," akasema, "njoo nyumbani Jumamosi, tuongee sote watatu." Nimemwambia nitafika saa kumi.