Pampu ya Petroli katika Vani ya Zamani: Ijaribu Kwanza, Kisha Uibadilishe

Mkulima wa skimu ya Mtwapa apelekaye mchicha na maembe sokoni Kongowea, na mwenzake wa Shimba Hills ateremkaye Likoni na machungwa na madafu, wana haja moja: gari liwake alfajiri. Wengine hutumia vani za zamani za petroli, kama zile Toyota Hiace za miaka ya 1970 na 1980 zenye kabureta, kwa kuwa bei yake si kubwa na mafundi wa jua kali wa Changamwe na Kisauni wanazijua ndani na nje. Siku pampu ya petroli inapokataa kazi, fundi yuko mbali, na kufika jua la saa sita mchicha umekwisha kunyauka.

Kubadilisha pampu ya gari la namna hiyo si kazi ngumu. Mtu mwenye spana, bisibisi na subira aweza kuifanya nyumbani kwake asubuhi moja. Lakini wako watu waliotoa pampu nzima wakaiweka mpya, na gari lisiwake. Na wako waliounguza vitu vyao. Basi tafadhali soma somo hili mpaka mwisho kabla hujashika spana.

Tuanze na moto. Petroli haingoji kuguswa na kiberiti. Hutoa mvuke, na mvuke huo ni mzito kuliko hewa. Hutambaa chini kama maji yasiyoonekana, ukafika jikoni penye jiko la mkaa, na moto ukakurudia kwa njia ile ile. Tarehe 31 Januari 2009, huko Sachangwan karibu na Molo, watu zaidi ya 100 walikufa kwa kuchota petroli ya lori lililopinduka. Tarehe 12 Septemba 2011, katika mtaa wa Sinai mjini Nairobi, petroli ilivuja kutoka bomba ikaingia mtaroni, ikawaka ikaua watu wengi. Huko zilimwagika lita nyingi mno. Wewe labda utamwaga kikombe kimoja tu, na kikombe kimoja chatosha kuteketeza nyumba ya makuti.

Kwa hiyo lisukume gari nje, mbali na nyumba na banda, mahali tambarare penye upepo. Tazama upepo wenyewe: ukiwa ni wa kusi au wa kaskazi, gari likae upande ambao mvuke utachukuliwa mbali na nyumba, usipelekwe jikoni. Mwambie mama watoto azime jiko mpaka umalize. Fanya kazi mchana, wala usitumie koroboi hata kidogo. Weka karibu ndoo mbili za mchanga mkavu, au kizima moto cha unga kama unacho. Usitegemee maji, kwa sababu petroli huelea juu ya maji na kuutembeza moto. Injini iwe imepoa kabisa. Katika Hiace za zamani injini iko chini ya viti vya mbele, kwa hiyo mvuke hujaa ndani ya gari penyewe unapoinamia. Fungua milango yote, ya mbele na ya nyuma, uiache wazi.

Sasa tuone kama pampu ina kosa kweli. Pampu tunayoisema ni ile ya chuma iliyofungwa ubavuni mwa injini. Ndani yake mna utando wa mpira ambao mafundi huuita dayaframu, springi, na vali mbili ndogo. Mkono wa pampu huingia ndani ya injini, na kamshafti ikizunguka huusukuma. Utando ukivutwa, petroli huja kutoka kwenye tangi. Springi ikiurudisha, petroli huenda kwenye kabureta. Kamshafti huzunguka mara moja injini inapozunguka mara mbili, kwa hiyo usishangae ukiona pampu inapiga polepole kuliko ulivyodhani.

Kabla ya kuilaumu, fungua kifuniko cha tangi. Kifuniko hicho kina njia ndogo ya kuingiza hewa. Ikiziba vumbi, tangi hukosa hewa na pampu haiwezi kuvuta. Mwandishi wa somo hili aliwahi kukaa kando ya barabara ya Malindi akafungua pampu yote, kumbe dawa ilikuwa kulegeza kifuniko nusu mzunguko! Kisha tazama filta ya petroli. Ikiwa nyeusi au imejaa kutu, ibadilishe, bei yake ni ndogo. Tena kagua mipira kutoka tangini hadi kwenye pampu. Ufa mdogo upande huo hauvuji petroli, huingiza hewa, na pampu hunyonya hewa tupu. Hilo huwadanganya wengi, kwa kuwa hawaoni tone chini.

Liko jambo jingine la huku kwetu pwani. Gari linatoka Kwale limebeba mzigo, linaingia katika foleni ya feri Likoni saa nane za mchana, injini inanguruma bila gari kwenda mbele. Petroli huchemka ndani ya pampu na katika bomba lililo karibu na injini, ikawa mvuke, na pampu haiwezi kusukuma mvuke. Gari huzimika na kukataa kuwaka. Ukilizima ukaliacha lipoe, na kuweka kitambaa kilicholowa maji juu ya pampu na bomba, likawaka baada ya robo saa, pampu yako haina kosa. Tafuta kama bomba limesogea karibu na chuma cha moto, ulirudishe mahali pake. Ukinunua pampu mpya kwa shida hiyo, utasimama tena foleni ile ile.

Ikiwa hayo yote ni sawa, jaribu pampu namna hii. Chomoa ule waya mwembamba unaoleta umeme wa suichi kwenye koili, uufunge kitambaa, ili plagi zisitoe cheche. Ondoa mpira unaoingia kwenye kabureta, uelekeze ndani ya chupa iliyoshikwa mbali na betri na stata. Mwenzako azungushe injini kwa stata, si zaidi ya sekunde 10. Petroli ikitoka kwa mikupuo mizito yenye nguvu, pampu ni nzima, na kosa lako liko kwenye kabureta au plagi. Ikidondoka tu au isitoke kabisa, na filta na mipira ni mizima, pampu imechoka.

Kisha vuta kijiti cha kupimia oili. Hapo pana hatari ambayo watu wengi hawaijui. Utando wa pampu ukipasuka, petroli huweza kuteremka kupitia pampu na kuingia ndani ya oili ya injini. Oili ikinuka petroli, au ikiwa imepanda juu ya alama bila wewe kuiongeza, usiwashe gari hilo hata kwa kulisogeza tu. Oili iliyochanganyika na petroli ni nyepesi, haiwezi kulinda bearingi, na mvuke wake waweza kulipuka ndani ya injini. Bei ya pampu utailipa mara moja, lakini injini iliyokufa huenda ikamaliza mavuno yako ya mwaka.

Ukienda dukani chukua pampu ya zamani mkononi, usitaje jina la gari peke yake. Linganisha urefu na mpindo wa mkono, matundu ya bolti, na mahali yanapotokea mabomba. Kisha fanya jaribio mbele ya mwenye duka: bonyeza mkono mara kadhaa huku umeziba kwa kidole tundu la kuingilia petroli. Lazima kidole kinyonywe. Pampu isiyonyonya, mrudishie, hata kama boksi lake linang'aa. Bidhaa za bandia ziko, nayo pampu nzima haioni haya kujaribiwa. Nunua pia gasketi mpya, na mipira mipya iliyotengenezwa kwa petroli. Mpira wa maji huyeyuka.

Ukirudi nyumbani, fungua kwanza waya wa hasi wa betri. Weka alama kwenye mipira, upi unatoka tangini na upi unakwenda kwenye kabureta. Ukiondoa ule wa tangini, uzibe mara moja kwa bolti safi au penseli nene, maana gari likiwa limeinama petroli itaendelea kutiririka yenyewe. Wala usiinyonye kwa mdomo. Tone likiingia mapafuni ni ugonjwa mkubwa, na aliyemeza petroli asitapishwe, apelekwe hospitali.

Legeza bolti mbili za pampu kidogo kidogo kwa zamu, kisha uitoe taratibu. Katikati ya pampu na injini utakuta kipande kinene cheusi kigumu pamoja na gasketi. Kipande hicho usikitupe! Kazi yake ni kuzuia joto la injini lisifike kwenye petroli, na unene wake umepimwa. Ukikiacha, mkono wa pampu utasukumwa kupita kiasi na kuvunjika. Ukiongeza gasketi mbili tatu ili kuzuia oili isivuje, mkono hautafika, na pampu itavuta kidogo tu. Tumeona mtu akinunua pampu ya pili kwa sababu ya gasketi moja iliyozidi.

Ziba tundu la injini kwa kitambaa safi, ndipo ukwangue mabaki ya gasketi ya zamani mpaka uso uwe laini. Halafu toa kitambaa. Tunalisema jambo hilo dogo kwa sababu limesahauliwa mara nyingi.

Kuingiza pampu mpya ndiko kunakohitaji subira. Paka mkono wake oili, uuingize ukilala juu ya kamshafti vile vile ulivyokuwa ule wa zamani. Ukiona pampu inakataa kukaa, na springi inakurudisha kwa nguvu, usiivute kwa bolti. Maana yake kamshafti imesimama pale inaposukuma. Zungusha injini kwa mkono, kwa spana kwenye nati kubwa ya mbele, gia ikiwa huru, huku umeishika pampu. Utafika mahali ambapo inalala yenyewe bila kupigana nawe. Hapo tia bolti zote mbili kwa vidole, kisha zikaze kwa zamu, nusu mzunguko huku na nusu mzunguko kule. Mwenye kukaza moja mpaka mwisho kabla ya nyingine hupinda uso wa pampu, ama huvunja sikio lake.

Rudisha mipira kwa kufuata alama, ukaze vibano vyake. Kama oili ilinuka petroli, sasa ndipo umwage yote uweke mpya pamoja na filta yake, kabla ya kuwasha. Ile chafu iweke kwenye debe lenye kifuniko umpelekee mwenye gereji. Usiimwage shambani wala karibu na kisima, kwa maana visima vingi vya huku bara ya Mombasa si virefu na watu hunywa maji yake.

Futa petroli yote iliyomwagika, vitambaa uvianike mbali, ungoje harufu iishe. Ndipo urudishe waya wa betri na ule wa koili. Zungusha injini kwa vipindi vifupi, kwa kuwa pampu mpya ni tupu na kabureta ni tupu. Ikiwaka, iache ingurume nawe ukague kila kiungo kwa macho na kwa kidole. Unyevu mdogo kwenye mpira ni sababu ya kuzima mara moja na kukaza upya.

Maneno machache kwa mwenye vani mpya zaidi. Gari lisilo na kabureta, lenye kupuliza petroli kwa sindano, mara nyingi pampu yake ni ya umeme na imo ndani ya tangi. Hiyo husukuma petroli kwa nguvu mara nyingi zaidi ya pampu hii, na ukifungua bomba lake bila kuondoa nguvu hiyo kwanza itakurukia usoni. Mpe fundi. Gari la dizeli nalo ni somo jingine kabisa.

Siku ya kwanza usipakie mzigo wa sokoni. Nenda mpaka dukani na kurudi, kisha vuta tena kijiti cha oili, unuse, na utazame alama. Fanya hivyo kila asubuhi kwa wiki moja. Ikiwa oili haijapanda wala hainuki, panga magunia yako jioni, uondoke mapema kabla foleni ya feri haijawa ndefu.