Hasira ya Mzazi Nayo Ni Homa: Vidokezo 7 kwa Daktari wa Watoto

Jumatatu asubuhi, Buguruni. Nje daladala za Gongo la Mboto zinagombania abiria kwa honi. Ndani benchi limejaa, wengine wamesimama na watoto mgongoni. Mama aliyefika alfajiri anaingia akifoka: "Daktari, mbona mnatuzungusha?" Unamwangalia mtoto: mafua tu, anachezea kifaa chako cha kupimia mapigo. Mwenye hali mbaya ni mama. Chuo kilikufundisha mtoto. Mzazi utamjulia hapahapa.

1. Pima hasira kama unavyopima homa
Homa si ugonjwa, ni dalili. Hasira nayo vilevile. Huyo mama pengine hajalala siku mbili, genge lake limefungwa, na nauli kakopa kwa jirani. Usijibizane naye. Muulize, "Mama, nini hasa kinakutia hofu?" Huenda akakwambia mtoto wa nyumba ya pili alianza hivihivi, akafa. Sasa umepata ugonjwa wenyewe.

2. Bibi kwanza
Mtoto haji na mama peke yake. Kuna bibi, kuna shangazi, wakati mwingine na mama mwenye nyumba. Ukimruka bibi bila shikamoo, dawa zako zitalala kabatini. Ukimwamkia na kumuuliza nyumbani mmempa nini, atakutajia hata ile mizizi ambayo mama alikuwa anaificha.

3. Degedege si la kucheka
Kwa wazee wengi wa Pwani, degedege ni shetani, na mtoto akichomwa sindano wakati limempanda, hufa. Ndiyo maana bibi anakushika mkono. Damu itakuchemka, kwa sababu wewe unahesabu sekunde. Endelea na kazi, lakini mdomo wako usinyamaze: "Bibi, namlaza ubavu asipaliwe. Mdomoni hatumtii kitu." Mtoto akitulia, waeleze vizuri: degedege la homa huwapata zaidi wa miezi 6 hadi miaka 5, na mara nyingi hukoma lenyewe baada ya dakika chache. Ila malaria kali na homa ya uti wa mgongo nazo huleta degedege, kwa hiyo lazima aletwe hospitali, tena mbio. Na kama walipitia kwa mganga, usiwasimange. Walikimbilia mlango walioujua. Ukiwasimanga leo, safari ijayo watapitia hukohuko na hawatakwambia.

4. "Mtundikie dripu, daktari"
Mtoto anaharisha, mzazi amekaa foleni kwa saa nne, wewe unampa ORS na zinki. Yeye anaona umemdharau. Wewe unaona anakufundisha kazi. Usiishie kusema "hahitaji". Bana ngozi ya tumbo la mtoto, aone inavyorudi upesi. Kama ni kikohozi, hesabuni pumzi pamoja dakika nzima. Halafu mpe kazi: akishindwa kunyonya, akitapika kila kitu au akilegea, amrudishe hata usiku wa manane. Mwenye kazi haondoki akijiona ana mikono mitupu.

5. Ukiandika rufaa, eleza
Ukisema "Hospitali ya Amana" mzazi anashtuka. Ukisema "Muhimbili" anasikia mtoto wake ndiyo basi tena. Mwambie huko kuna nini ambacho hapa hakipo. Kisha muulize kwa sauti ya chini kama nauli ipo. Sera inasema mtoto chini ya miaka 5 atibiwe bure kwenye vituo vya serikali, lakini dirisha la dawa likisema "kanunue nje", anayetazamwa ni wewe. Usijigeuze benki, hutamaliza mwezi. Mjue afisa ustawi wa jamii kwa jina, na namba yake uwe nayo.

6. Selimundu huzungumzwa na wazazi wote wawili
Tanzania huzaliwa watoto wapatao 11,000 wenye selimundu kila mwaka. Jibu likitoka, baba anaweza kumgeukia mkewe: "Kwetu hatuna ugonjwa huu." Hapo ukinyamaza umeshaamua kesi. Chukua karatasi, uchore: kinasaba kimoja cha baba, kimoja cha mama. Wote wawili wakiwa wabebaji, kila mimba ina nafasi 1 kati ya 4 ya kupata mtoto mgonjwa. Karatasi hiyo mpe baba. Ndugu zake wakimkalisha kikao, awe na cha kuwaonesha.

7. Mtoto akifariki, kaa chini
Vuta kiti. Sema "amefariki", usizungukezunguke. Kisha nyamaza, umwache mama ajifunike kanga yake alie. Usikimbilie faili. Chozi likikutoka, lifute; hakuna atakayekushitaki. Baadaye toka nje dakika tano, unywe maji, uzungumze na nesi uliyekuwa naye, maana na yeye alimshika yule mtoto.

Ndipo umwite anayefuata. Mama huyo alikuwa kwenye benchi, na mlango ulikuwa wazi; amesikia yote. Akiingia anafoka, rudi kidokezo cha kwanza.